Muulize Mjomba: Ligi ya kriketi ya Jumapili, bingwa bila fainali

Toleo lililopita nilichomekea mistari kama minne hivi kuhusu ligi ya kriketi ya kaunti za Uingereza, ile ya zamani ya Jumapili ya ova 40, nikasema kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa ligi tamu kuliko zote maana haikuwa na fainali. Nilidhani nimejiandikia mwenyewe. Kumbe nimechokoza, maana meseji zimeingia kutoka Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi mpaka Kilwa Masoko, wengine wanauliza na wengine wananitukana kistaarabu eti Mjomba kaishiwa habari za Ndanda na Namungo. Haya, leo safu yote ni kriketi, wa mpira wa miguu mnisubiri.

Mjomba shikamoo. Mimi kriketi naionaga kwenye simu tu, watu wamevaa nyeupe wanakimbia wanarudi, alafu wanapiga makofi, sijui hata nani kafunga. Nieleweshe kwanza kabla hujaanza mambo ya ligi. (Bodaboda, Chikongola)

Marahaba mpwa wangu. Timu mbili, watu 11 kwa 11. Timu moja inapiga yote kwanza, nyingine inarusha na kudaka, alafu wanabadilishana. Wapigaji wanaingia wawili wawili, mmoja kila upande wa njia ya kuchezea, na nyuma ya kila mmoja kuna vijiti vitatu vimesimamishwa. Mrushaji anakuja mbio anarusha mpira, mkono umenyooka, lengo lake aviangushe vile vijiti au amfanye mpigaji apige ovyo mpira udakwe. Mpigaji akiupiga ukaenda mbali anakimbilia upande wa pili na mwenzie anakuja huku, hapo ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika kwenye kamba ya mpaka kwa kutambaa ni mikimbio 4 bila kukimbia, ukivuka hewani bila kugusa chini ni 6. Mtu akitolewa wanasema wiketi imeanguka, zikianguka 10 timu imekwisha maana wa kumi na moja habaki na mwenzake.

Sasa mipira 6 halali ndo ova moja. Ukisikia mechi ya ova 40 maana yake kila timu inarushiwa mipira 240 basi, uwe umepata 90 au 290 unaondoka. Zile nyeupe unazoziona ni kriketi ndefu, ya siku nne au tano, ambayo mnaweza kucheza siku zote hizo mkatoka bila mshindi, mimi hiyo naiheshimu ila sina mda nayo. Ya ova 40 inaanza mchana inaisha kabla ya giza.

Kaunti ndo nini, ni kama mikoa? Na hiyo ligi ilikuwa inachezwaje? Mimi ni mwalimu, nataka niwaeleze wanafunzi wangu wa klabu ya michezo. (Mwalimu, Lindi mjini)

Ni kama mikoa mwalimu, ila mipaka ya serikali yao imebadilika mara nyingi na timu zimebaki na majina yaleyale ya zamani. Kent, Essex, Sussex, Lancashire, Yorkshire, Somerset na wenzao. Sio kila kaunti ina timu ya daraja hilo, na mmoja wao, Glamorgan, sio Mwingereza hata kidogo, ni wa Wales. Ligi ilipoanza mwaka 1969 zilikuwa timu 17. Durham waliingia 1992 wakawa wa 18, na ndo hesabu iliyopo mpaka leo.

Timu 17 na kila moja inacheza na mwenzake mara moja tu, kwa hiyo mechi 16 msimu mzima. Zingatia hapo, hakuna marudiano. Ukishafungwa na Kent kwao huwapati tena mpaka mwakani. Ushindi pointi 4, sare pointi 2, mvua ikiharibu kabisa mnagawana pointi. Mrushaji haruhusiwi zaidi ya ova 8, kwa hiyo unahitaji warushaji wasiopungua watano. Na kuna sheria moja watoto wataipenda, mrushaji wa kasi alikatazwa kuanza mbio zake mbali, mwisho yadi 15, ni kama mita 14 hivi. Sababu? Tv. Mechi ilikuwa inaanza saa nane mchana kwao, kwetu saa kumi jioni, BBC2 wanaonyesha, na lazima imalizike, sasa wale warushaji wanaoanzia mbio karibu na geti wangekula mda wote.

Ukiwaeleza watoto chanzo chake usiruke habari ya sigara. Ligi iliitwa John Player, jina la kampuni ya sigara. Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya sigara kwenye tv mwaka 1965, makampuni yakatafuta mlango mwingine wa kuingilia sebuleni kwa watu, wakauona ni michezo. Kampuni nyingine ya sigara, Rothmans, ilianza kudhamini timu ya mastaa iliyoitwa Cavaliers kucheza Jumapili, tv ikaonyesha, watu wakajaa. Wakubwa wa kriketi wakaangalia wakaona aah, hela yetu inaliwa na wengine, ndo wakaanzisha ligi yao wenyewe. Lancashire wakachukua 1969 na wakarudia 1970.

Mjomba unasema ligi bila fainali ni tamu. Sikubali. Fainali ndo utamu wenyewe, watu wamejaa, kombe lipo pale mezani, dakika 90 mtu analia. Ligi mtu anakuwa bingwa akiwa nyumbani kwake anakunywa chai. (Shabiki wa Namungo, Ruangwa)

Wewe hukuishi na Somerset. Hata mimi sikuishi nao, nimewasoma tu, ila ngoja nikupe kisa chao.

Anzia 1971 kwanza. Worcestershire na Essex wamemaliza pointi sawa. Inaangaliwa nani ana wastani mkubwa wa mikimbio kwa kila ova msimu mzima, yaani kama sisi tunavyoangalia tofauti ya magoli. Worcestershire wakashinda kwa tofauti isiyofika hata 0.01. Fikiria, mipira zaidi ya elfu tatu mmepigiana tangu mwezi wa tano, na ubingwa unaamuliwa na mikimbio michache tu. Wewe wa Ruangwa unajua mnada wa korosho, mnunuzi anaweza kukosa mzigo wote wa ghala kwa shilingi chache kwenye kilo, ndo ilivyokuwa. Na kule Essex kuna mtu siku fulani ya Mei alipiga mpira akaona aah, mmoja unatosha, akatembea badala ya kukimbia wa pili. Hajui kama na yeye alichangia kuupoteza ubingwa. Fainali haina kitu hicho, kwenye fainali aliyekosea kila mtu anamjua.

Sasa 1976. Jumapili ya mwisho, Septemba, timu tano zote zinaweza kuwa bingwa, na ziko viwanja tofauti saa hiyohiyo. Waandaaji hawajui kombe walipeleke wapi kwa hiyo wakalipakia kwenye helikopta, linasubiri hewani huko litue kwa atakayeshinda. (Hapa kwetu lingesubiri kwenye Noah.) Somerset wako Cardiff wanacheza na Glamorgan na hata sare inawatosha, maana sare ingewafikisha pointi 42 na wengine wote walikuja kumaliza na 40. Mpira wa mwisho, wanahitaji mikimbio ili kusawazisha, wanakimbia, wanarudi, wanageuka tena kukimbilia ule wa kusawazisha, mpira ukarushwa, vijiti chini, mpigaji hajafika. Wamefungwa kwa mkimbio mmoja. Jedwali likafunga hivi: Kent, Essex, Leicestershire, Somerset, Sussex, wote pointi 40. Timu tano! Vigezo vikachambuliwa, mwisho kabisa ikabaki wastani wa mikimbio, Kent bingwa, helikopta ikatua Maidstone.

Miaka miwili baadaye ndo wakaumizwa vibaya zaidi. Septemba 1978, Jumamosi Somerset wako uwanja wa Lord's, London, fainali ya Kombe la Gillette, lile la mtoano la kaunti, wakafungwa na Sussex. Wakapanda gari usiku wakarudi kwao Taunton maana Jumapili wana mechi ya mwisho ya ligi na Essex, na tena hata sare ingewapa ubingwa. Wakafungwa kwa mikimbio miwili. Hampshire, Somerset na Leicestershire wote pointi 48, wastani ukaangaliwa, Hampshire bingwa. Klabu ilianzishwa 1875 na mpaka jioni hiyo haikuwa na kombe hata moja kabatini, na ndani ya siku mbili makombe mawili yamepita mlangoni. Na sio kwamba walikuwa timu mbovu bana, walikuwa na Viv Richards wa Antigua, Joel Garner wa Barbados, jitu la mita mbili na ushee, na Ian Botham akiwa kijana wa damu ya moto.

1979 ikaja, wikiendi ya aina ileile, Jumamosi Lord's fainali ya Gillette, Jumapili ligi. Jumamosi tarehe 8 Septemba Richards akapiga mikimbio 117, Garner akaangusha wiketi 6 kwa mikimbio 29 tu, Northamptonshire wakalala. Kombe la kwanza katika zaidi ya miaka 100. Kesho yake wakaenda Nottingham, uwanja wa Trent Bridge, wakashinda, na huko Canterbury Kent waliokuwa wanaongoza ligi wakafungwa na Middlesex. Makombe mawili ndani ya saa ishirini na nne na kidogo.

Sasa niambie, lile la Jumamosi na lile la Jumapili lipi tamu? La Jumamosi lilikuwa fainali, kila kitu uwanjani mbele yako. La Jumapili nusu yake ilikuwa Nottingham na nusu Canterbury, watu uwanjani wanaangalia mechi yao huku masikio yako kwenye redio ya mechi nyingine. Mimi nachukua la Jumapili, wewe baki na fainali zako.

Mbona hujasema ule uhuni waliofanya hao Somerset mwaka huohuo 1979? Au ndo mapenzi? (Karani wa chama cha msingi, Nachingwea)

Kaka umenikamata, nilikuwa napita pembeni kimyakimya. Haya tuseme.

Ilikuwa mashindano mengine ya kaunti, Kombe la Benson and Hedges, ova 55, ambalo lilianza kwa makundi kabla ya mtoano. Mei 1979 Somerset wanaenda Worcester mechi ya mwisho ya kundi. Wakapiga hesabu wakaona njia pekee ya kutolewa ni wafungwe na wastani wao uharibike. Kwa sheria za wakati ule nahodha aliruhusiwa kufunga zamu ya timu yake mda wowote anaotaka. Basi nahodha Brian Rose akaingia yeye na mwenzie, wakacheza ova moja, wakapata mkimbio mmoja na wenyewe sio wa kupiga, ni wa mpira usio halali, akasema basi tumefunga zamu. Worcestershire wakaingia wakapata miwili, mechi imeisha. Watu walikuwa wamelipa kiingilio na vyakula vyao wamebeba, wakarudishiwa hela.

Kisheria hakuvunja kitu. Hapo ndo ugumu, alisoma kanuni akaona tundu akapita. Ila wakubwa wa kriketi wakakaa kikao wakapiga kura 17 kwa 1, Somerset nje ya mashindano, Glamorgan wakachukua nafasi yao robo fainali, na kufunga zamu kwenye mechi za ova kukapigwa marufuku. Watu wanasema aliiba. Mimi nasema kanuni zinazomlipa mtu kwa kutocheza ndo za kulaumiwa kwanza, na Rose wa pili. Wa pili lakini wa karibu sana. Na nadhani ile aibu ndo iliwasukuma wakapiga kama wendawazimu mpaka Septemba, japo hilo ni langu mwenyewe, usiende kulisema kijiweni kama historia.

Shikamoo Mjomba. Mvua ikinyesha katikati wanafanyaje? Maana Uingereza nasikia inanyesha hata kiangazi. (Mkulima, Newala)

Marahaba. Msimu wao ni Aprili mpaka Septemba, yaani wakati wewe uko shambani unapuliza salfa kwenye mikorosho na hujui hata wingu linafananaje, wao wanakimbiza maturubai uwanjani. Mvua ilikuwa sehemu ya ligi ile, na ova zilipunguzwa mpaka 10 kwa kila timu, chini ya hapo hakuna mechi.

Shida ilikuwa kupanga lengo. Zamani waligawanya tu. Timu ya kwanza imepata 200 kwa ova 40, hiyo ni mikimbio 5 kwa ova, mvua imekula ova 20, basi timu ya pili ipate 101 kwa ova 20. Inaonekana haki eeh? Sio haki. Chukua timu iliyofika 100 katika ova 20 ikiwa imepoteza wiketi 1, na nyingine imefika 100 katika ova hizohizo ikiwa imepoteza 8. Kwa kugawanya zote ziko sawa na mpinzani. Ila ya kwanza ina wapigaji tele bado wamekaa benchi na ingeendelea ingeshinda bila jasho, ya pili imebaki na warushaji wawili watatu wasiojua kushika gongo.

Watakwimu wawili Waingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, ndo wakakaa wakatengeneza hesabu inayoangalia vyote viwili kwa pamoja, ova ulizobakiza na wiketi ulizobakiza. Kilichowasukuma watu kuitafuta njia mpya ni nusu fainali ya Kombe la Dunia 1992 kule Sydney, Afrika Kusini wanahitaji 22 kwa mipira 13, inawezekana kabisa, ikanyesha dakika chache, waliporudi uwanjani kanuni ya wakati ule imewaachia 21 kwa mpira mmoja. Mpira mmoja ukiupiga mpaka baharini unapata 6. Hesabu ya Duckworth na Lewis ikaanza kutumika mechi za kimataifa 1997, na 2014 akaingia profesa Steven Stern kuirekebisha ndo maana sasa wanaiita DLS. Usijaribu kuipiga kwa kikokotoo cha simu, hata makocha wanapewa karatasi iliyochapwa tayari.

Kuna mtu wa huku Afrika Mashariki aliyewahi kucheza ligi hiyo? (Mfanyabiashara, Kilwa Masoko)

Wapo mzee wangu, na sio wa kusindikiza. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, alicheza Nottinghamshire miaka mingi, kuanzia miaka ya 60 mpaka 80. Dipak Patel, naye wa Nairobi, alikuwa Worcestershire kabla hajahamia New Zealand na kuichezea nchi hiyo. Derek Pringle alizaliwa Nairobi 1958, akaja kuwa Essex, na Essex hao wakachukua ligi ya Jumapili 1981, 1984 na 1985. Baba yake Pringle, Don, ndo alikuwa kwenye timu yetu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza kabisa 1975 Uingereza, timu ya kuunganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha Harilal Shah. Walicheza tatu wakafungwa tatu, New Zealand, India na wenyeji, tena vipigo vya kuumiza. Ila walikwenda.

Hapa nyumbani kriketi bado ni ya Dar zaidi, ukienda Gymkhana au Annadil Burhani utaikuta. Tanzania ni mwanachama wa baraza la kriketi la dunia tangu 2001, na vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia. Sijui kwa nini hilo halikuimbwa zaidi. Yaani tungefuzu mpira wa miguu shule zingefungwa.

Nani alirusha vizuri kuliko wote kwenye ligi hiyo? Jibu fupi tafadhali, wewe unapenda kurefusha. (Mzee mstaafu, Shangani)

Shikamoo mzee. Brian Langford wa Somerset, 1969, kule Yeovil dhidi ya Essex. Ova 8, mikimbio 0. Mipira 48 na hakuna aliyepata hata mmoja kutoka kwake. Wiketi pia hakupata, ndo kichekesho chenyewe. Ukitaka wiketi, Keith Boyce wa Essex 1971, wiketi 8 kwa mikimbio 26, kule Old Trafford dhidi ya Lancashire.

Ligi hiyo bado ipo? Nikitaka kuifuatilia kwa bando langu naanzia wapi? (Fundi simu, Masasi)

Kwa sura ile haipo. Iliendelea mpaka 1998 ikiwa inabadilisha wadhamini kama shati, 1993 wakajaribu ova 50 na jezi za rangi, mwaka uliofuata ova zikarudi 40 ila rangi zikabaki, na Glamorgan ndo walichukua ile ya 1993. 1999 wakaigawa madaraja mawili ova zikawa 45. Ova 40 zikarudi tena baadaye, za mwisho zilichezwa 2013, Nottinghamshire wakawa mabingwa. Tangu 2014 ni ova 50 na fainali ipo, kwa hiyo yule wa Ruangwa kafurahi.

Siku hizi ni timu 18 makundi mawili ya tisa tisa, kila timu mechi nane, alafu mtoano. Tatizo lake linachezwa Agosti wakati mmoja na The Hundred, mashindano yao mapya ya mipira 100, kwa hiyo mastaa wako huko na huku wanabaki vijana na wakongwe. Wengi wanalalamika. Mimi naona hapo ndo pa kuangalia, maana unamkuta mtoto wa miaka 18 anapewa gongo mbele ya watu na hakuna staa wa kujificha nyuma yake. Na mastaa wengine wanapita vilevile, Agosti 2023 Prithvi Shaw wa India akiwa Northamptonshire aliwapiga Somerset (maskini Somerset) mikimbio 244 peke yake. Mwaka huo Leicestershire wakachukua kombe kwa kuwafunga Hampshire kwa mikimbio miwili, 2024 wakawa Glamorgan, 2025 Worcestershire. Kaunti nyingi zinarusha mechi zao bure mtandaoni kwa kamera zao wenyewe, tafuta jina la kaunti tu, ila weka ubora wa chini maana mechi inachukua masaa saba, bando la jero halifiki hata chai ya mapumziko.

Mjomba shikamoo, mimi ni msichana wa kidato cha pili Mikindani. Tunaweza kucheza huku bila vifaa? Na wasichana wa huko wana ligi? (Mwanafunzi)

Marahaba mwanangu. Wanayo, na tangu 2025 timu za wanawake zimewekwa chini ya kaunti zenyewe, zilianza nane daraja la juu, na Somerset wangu wamo.

Kucheza mnaweza. Mpira wa tenisi, uzungushieni utepe wa umeme ule mweusi, upande mmoja tu mkitaka upinde hewani, Wapakistani wamekuzia mabingwa wa dunia kwa mpira huohuo. Gongo mwambieni fundi seremala awakatie ubao wenye upana kama wa kiganja, mpini mfupi, asiweke mbao nzito mtaumia viwiko. Vijiti vitatu urefu wa sentimita 71 kutoka chini, au ndoo ya lita ishirini igeuzwe. Kati ya vijiti vya huku na vya kule pimeni mita 20, mkiona ni mbali fanyeni 16. Msicheze kwenye mchanga mlaini mpira haudundi, subirini maji yatoke mtumie ule mchanga mgumu wa chini, au uwanja wa shule uliofagiliwa. Sita kwa sita, ova 8 kila timu, kila mmoja arushe angalau moja ili asiwepo wa kusimama tu anaokota mipira, na mkono unyooke wakati wa kurusha, anayekunja kiwiko mpira wake hauhesabiwi na wapinzani wanapewa mkimbio. Mkipata timu nne za madarasa chezeni kila mmoja na mwenzake Ijumaa baada ya vipindi, pointi 4 ushindi, 2 sare, mikimbio yote andikeni kwenye daftari tangu mechi ya kwanza maana mkilingana pointi ndo itaamua. Mkimaliza nitumieni jedwali nilichape.